Barua ya wazi kwa wenye dhamana ya visiwa: turudishieni njia ya mwambani

Soko la Samaki Feri,
Kivukoni,
Dar es Salaam.

Kwa Waheshimiwa mliokabidhiwa dhamana ya hifadhi za bahari, utalii na ardhi ya visiwani,

YAH: KUZIBWA KWA NJIA YA WANAWAKE WACHOKOA PWEZA KWA JINA LA UTALII WA IKOLOJIA, NA MENGINE YANAYOTUSIBU WATU WA VISIWA VYA MAFIA

Waheshimiwa, shikamooni.

Husika na kichwa cha habari hapo juu.

Mimi ni mwanamke wa miaka 47, mzaliwa wa kimojawapo cha visiwa vya Mafia, na kazi yangu ni kuuza pweza hapa Feri. Ada yangu ya shule ililipwa kwa pweza wa mama. Leo wanangu wanasoma Mbagala kwa pweza hao hao, wanaovushwa kutoka Kilindoni kisiwani hadi Nyamisati huku bara, wakapakiwa garini na barafu, wakaingia sokoni kabla mnada haujapamba moto. Kwa hiyo mtanisamehe nikiuzungumzia mwamba kama mtu anavyozungumzia shamba la baba yake.

Barua hii ni ya nne. Ya kwanza iliandikwa kwa mkono na katibu wa kikundi cha wanawake kijijini, ikapita ngazi zote kama tulivyoelekezwa. Haikujibiwa. Ya pili tuliichapisha kwenye duka la stesheneri Rangi Tatu, nakala 5, tukaambatisha ramani ya ufuo aliyotuchorea mwalimu mstaafu. Tukajibiwa kwa mdomo kwamba suala linashughulikiwa. Ya tatu tuliipeleka wenyewe, wanawake watatu na mzee mmoja wa kijiji. Tulikaa kwenye benchi la mapokezi tangu saa tatu asubuhi hadi saa nane mchana, kisha tukaambiwa jalada halionekani, tuache namba ya simu. Mzee yule alivuka bahari, akapanda na basi, kuja kuacha namba ya simu. Ni miezi 11 sasa na haijapigwa.

Kijiji sikitaji hapa wala hoteli. Majina yamo katika barua zile tatu, na zote mlizipokea kwa muhuri.

Kabla ya malalamiko, naomba nikumbushe jambo ambalo naona limesahauliwa. Hifadhi ya Bahari ya Kisiwa cha Mafia ilipoanzishwa mwaka 1995, ya kwanza ya aina yake nchini, wazee wetu wengi waliipokea vizuri. Walikuwa wamechoshwa na baruti. Wapiga baruti walikuja na vyombo kutoka nje ya kisiwa, wengine kutoka huku huku Dar es Salaam, wakalipua mwamba, wakaokota samaki walioelea, wakaondoka. Kifusi cha matumbawe kilibaki kwetu. Baba alikuwa akisema ukiwa ndani ya mtumbwi mlio ule unausikia kifuani kabla ya masikioni. Hifadhi ilikuja kama dawa ya ugonjwa huo, na ndiyo maana watu walikubali masharti yake: nyavu fulani zikaachwa, maeneo mengine yakafungwa, vyeti vikakatwa.

Na sheria iliyoizaa hifadhi hiyo, Sheria ya Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu Na. 29 ya 1994, iliweka ahadi. Inasema vijiji na wakazi walio jirani na hifadhi, au wanaoitegemea, washirikishwe katika hatua zote za kuipanga, kuiendeleza na kuisimamia. Wapate sehemu ya faida yake. Na wapewe kipaumbele katika matumizi ya rasilimali na katika fursa za kiuchumi zinazotokana nayo. Nimesomewa maneno hayo na mtoto wa dada yangu anayesomea sheria, nikamwomba ayarudie mara ya pili. Yote ninayoyalalamikia hapa chini yamo ndani ya ahadi hiyo.

1. Njia ya mwambani

Asiyekulia pwani hawezi kujua ni kwa nini njia ya hatua 200 inaweza kuwalaza watu njaa, kwa hiyo naomba subira yenu nieleze.

Pweza huchokolewa bamvua. Mara mbili kwa mwezi, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hutoka sana, mwamba ukabaki wazi. Kwa siku chache wanawake huteremka na vijiti vyao kuchungulia mapango. Kila siku ya bamvua kazi ni ya saa mbili, mbili na nusu, kisha maji yanaanza kujaa. Siku za maji mafu, bahari isipotoka sana, hakuna kwenda. Fedha ya mwezi mzima, ya unga, daftari, panadol na nauli ya kumpeleka mgonjwa Kilindoni, inatoka kwenye saa hizo tu.

Njia yetu ilipita kwenye mchanga mkavu, ikashuka moja kwa moja mwambani. Bibi yangu aliipita, na waliomzaa yeye pia. Mwaka jana hoteli inayojitangaza kwa utalii wa ikolojia ilisimika boriti na kamba, baadaye ikaweka uzio wa makuti hadi pale maji yanapofika yakijaa, na mlinzi wa kuusimamia. Mlinzi ni mtoto wa kijijini kwetu. Humwamkia mama yangu, kisha humrudisha.

Iliyobaki ni njia ya kuzunguka nyuma ya hoteli na kupenya mikokoni. Kule ni matope. Hakupitiki mpaka maji yawe yametoka kabisa, na hata hapo ni mwendo wa dakika 40. Ongeza na hofu ya kurudi mapema ili maji yasikukute matopeni na kapu kichwani. Katika saa mbili na nusu, mwanamke anabakiwa na saa moja ya kazi, na hiyo ni kwa wenye nguvu. Mama ana miaka 70. Ameanguka mara mbili kule, ya pili akateguka kifundo cha mguu, tangu hapo haendi tena.

Tuliambiwa sababu ni mbili: wageni wanahitaji utulivu, na wanawake wanakanyaga matumbawe. La utulivu nawaachia nyinyi mpime, kati ya utulivu wa mgeni wa siku nne na chakula cha mwenyeji. La matumbawe nitalijibu. Wanawake hawa ndio waliokubali kuufunga mwamba wao kwa miezi mitatu ili pweza wakue, kama walivyofanya wenzao wa vijiji vingine vya Mafia na wa kisiwa cha Songosongo. Miezi mitatu walikaa wakikopa dukani. Ulipofunguliwa, pweza walikuwa wazito mpaka huku Feri madalali wakauliza wametoka wapi. Waliojinyima kiasi hicho hawawezi kuambiwa kwamba ndio adui wa mwamba. Na mwamba huo waliozuiwa wao, wageni wanapelekwa kuutembelea kwa miguu wakiwa na viatu vya mpira na kiongozi wa msafara, kwa malipo.

2. Picha ya shangazi yangu

Hili limeniuma mimi binafsi kuliko yote, ingawa halina hasara ya fedha.

Siku moja hapa sokoni kijana anayenisaidia kupima alinionyesha simu akisema, "Mama, si kama huyu tunamjua?" Ilikuwa picha ya tangazo la hoteli ile ile. Ndani yake yumo shangazi yangu, ameinama mwambani, kanga imeloa na kumganda mwilini, pweza mkononi. Chini yake yameandikwa maneno ya kuwaita wageni waje waone maisha halisi ya watu wa kisiwani.

Shangazi ni mjane, anafundisha watoto Kurani jioni. Hakuulizwa. Hakujua kwamba amepigwa picha, maana mpigaji alikuwa mbali na mashine yenye jicho refu. Nilipompigia simu kumweleza alinyamaza muda, kisha akauliza, "Na miguu inaonekana?" Nilimwambia inaonekana. Tangu siku hiyo anavaa suruali ya marehemu mumewe ndani ya kanga, nzito, inanywa maji, inamchosha.

Waheshimiwa, mwanamke anayezuiwa kupita ufuoni ndiye yule yule anayetumiwa kuuzia ufuo huo. Sijui nitumie neno gani la adabu kulieleza jambo hili.

Yako na mengine ya namna hiyo. Wageni huletwa maulidini wakasimama katikati ya wanawake na kamera, huku aliyewaleta akiwahimiza waingie ndani zaidi. Hupelekwa Kua, kule kisiwa cha Juani, kwenye magofu ya misikiti na makaburi ya watu wa kale, na viongozi waliotoka mjini wanaotunga historia papo hapo, wakati wazee wanaoijua wamekaa barazani hatua chache tu. Mgeni hana kosa hapo. Ukimwambia jifunike, atajifunika. Ukimwambia hapa hapapigwi picha, ataweka kamera chini. Wageni wengi niliokutana nao nikiwa binti walikuwa na heshima kuliko watu waliowaleta. Anayetakiwa kuwaambia ndiye asiyesema, kwa sababu na yeye hakuambiwa na mtu.

3. Ajira na vyombo

Mtasema hoteli zimeleta kazi, na ni kweli zimeleta. Mdogo wangu wa kiume amefanya kazi hotelini miaka 9. Katika miaka yote hiyo hajawahi kushika mkataba. Ni kibarua wa msimu: masika ikiingia, Aprili na Mei, hoteli inafunga na yeye anarudi nyumbani bila senti, wakati ambao hata bahari haiingiliki vizuri. Kazi zinazolipa, za kuongoza wazamiaji, za ofisi, za unahodha wa boti za faiba, zinakwenda kwa watu wa kuletwa. Yeye amezaliwa juu ya maji na anabeba mizigo ya wageni kutoka gari hadi chumbani.

Angalieni na papa potwe. Kuanzia Oktoba hadi karibu na Machi wageni wanatoka dunia nzima kuja kuogelea na potwe pale Kilindoni. Potwe hufuata vidagaa na uduvi, na wa kwanza kujua alipo ni wavuvi wa dagaa waliokesha baharini. Binamu yangu ni mmoja wao. Alfajiri hupigiwa simu: "Umewaona wapi leo?" Anaelekeza. Boti zinakwenda, wageni wanalipa, na yeye anapewa shukrani. Akiuliza taratibu za kupata kibali aingize chombo chake katika kazi hiyo anatajiwa masharti ambayo mashua ya mbao haiwezi kuyatimiza, na hakuna mtu aliyewahi kukaa naye kumwonyesha mkopo au mafunzo ya kumfikisha huko. Kipaumbele kilichoandikwa mwaka 1994 kiko wapi hapo?

Na msidhani naomba sote tuache nyavu tukawe waongoza watalii. Mwaka 2020 ugonjwa ulipofunga viwanja vya ndege duniani, hoteli zilizimika na waliokula ni wale waliokuwa bado na mtumbwi, mwani na mwamba. Kimbunga Hidaya kilipotupiga Mei 2024 mambo yalikuwa hayo hayo: paa zikaezuliwa, vyombo vikavunjika, na kilichoanza kurudisha watu kwenye chakula ni bahari. Ukimwondolea mtu wa kisiwani njia yake ya baharini ukampa kibarua cha msimu, umemwacha bila akiba siku ya shida.

4. Maji

Visima vyetu ni vya mwamba. Maji matamu yamekaa juu ya maji ya chumvi, na ukivuta sana, chumvi inapanda. Watu wa kisiwa cha Jibondo wanayajua haya kuliko wote, walivushiwa maji ya kunywa kwa mashua kwa vizazi. Hoteli yenye mabafu na bwawa inapochimba kisima chake kirefu karibu na vyetu, tunataka kujua nani amepima. Tathmini ya athari kwa mazingira ni takwa la kisheria. Kama ilifanyika, hatujawahi kuisomewa.

5. Ada za wageni

Kila mgeni anayeingia hifadhini hulipa ada kwa kila siku anayokaa. Hatujui zimekusanywa kiasi gani, wala kijiji chetu kimerudishiwa nini. Zahanati ilipakwa rangi mwaka mmoja, tukaambiwa ni fedha ya hifadhi. Tulishukuru. Lakini kuonyeshwa rangi ukutani si kusomewa hesabu.

Waheshimiwa, najua majibu yatakayokuja, kwa sababu mengine nilishayasikia kwenye lile benchi.

Mtasema mwekezaji ana hati. Hati yake haifiki baharini. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira Na. 20 ya 2004 imekataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru mazingira hayo, ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Njooni na futi ya kupimia, tutashika upande mmoja.

Mtasema viongozi wa kijiji walisaini. Inawezekana walisaini. Lakini Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999 haiiruhusu halmashauri ya kijiji kugawa ardhi bila mkutano mkuu wa kijiji kuidhinisha kwanza. Mkutano huo ulifanyika lini? Muhtasari uko wapi? Nimewauliza watu zaidi ya 30 wa rika zote, hakuna aliyehudhuria.

Mtasema wavuvi nao ni waharibifu. Wapo. Kuna ndugu zetu waliovuta juya, wavu wa kukokota, mpaka wakang'oa nyasi za bahari, na wako waliowaficha wapiga baruti kwa tamaa. Waliotukosea tunawajua kwa majina na tuko tayari kusaidia wakamatwe. Hilo haliwezi kuwa sababu ya kumfungia njia bibi mwenye kijiti.

Na mtasema utalii wa kushirikisha wenyeji ni maneno ya vitabuni. Hapana. Juani, wanakijiji wenyewe wanalinda viota vya kasa, na wageni wanaokuja kutazama vifaranga wakishuka majini wanaacha fedha inayobaki kijijini. Chumbe, kule Zanzibar, tangu mwamba ulipowekewa ulinzi mwaka 1994, waliofundishwa kuwa walinzi wake ni waliokuwa wavuvi, na watoto wa shule wanapelekwa bure kuuona. Chumbe hakina kijiji ndani yake, najua, na kwa hiyo kazi ya kwetu ni ngumu zaidi. Lakini inawezekana, na iko karibu mno hivi kwamba hamhitaji ziara ya mafunzo nje ya nchi.

Tunachoomba ni haya, na la kwanza haliwezi kusubiri mengine.

Uzio uondolewe na njia ifunguliwe kabla ya msimu wa kaskazi kuanza. Kama kuna saa au siku ambazo wageni wanahitaji faragha, wakae na wanawake wapatane. Siku za maji mafu sote hatuendi mwambani, ufuo wote ni wao.

Uitishwe mkutano mkuu wa kijiji, wa hadhara, mkataba wa hoteli usomwe kwa Kiswahili kuanzia ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho, na tathmini ya mazingira ibandikwe kwenye mbao za matangazo. Mkutano uwekwe siku za maji mafu, la sivyo wanawake hawatakuwepo.

Ada za hifadhi zisomwe kila mwaka kijiji kwa kijiji: zilizokusanywa, zilizorudi, zimefanya nini.

Vibali vya boti za kutazama potwe viwe na fungu la wavuvi wakazi, pamoja na mkopo na mafunzo ya kuwafikisha kwenye masharti ya usalama. Masharti yasilegezwe, maana maisha ya watu ni maisha ya watu.

Picha ya shangazi yangu iondolewe, na iwe sharti la leseni kwamba mtu wa kisiwani hapigwi picha ya biashara bila kuulizwa.

Tunaomba jibu la maandishi ndani ya siku 30, lenye jina na cheo cha aliyeandika. Namba ya simu mnayo tayari.

Na ikiwa mtaamua kuja wenyewe, ambalo ndilo tungelipenda zaidi, msije kwa ile ndege ya nusu saa mkashukia hotelini. Pandeni basi Rangi Tatu hadi Nyamisati, vukeni na sisi, na mfike siku ya bamvua. Mama atawapokea. Mtapita na wanawake wenzake njia ya mikokoni hadi mwambani, mfanye kazi ile saa moja iliyobaki, na maji yakianza kujaa mtarudi nao.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mchuuzi wa pweza, Soko la Samaki Feri,
kwa niaba ya kikundi cha wanawake wachokoa pweza.